Tundu la nne

Ukipita katikati ya jiji la Nairobi utaona vibao ving'avu vya mawakili na madaktari wa meno vimekazwa ukutani kwa skurubu nne, moja kila pembe. Vingi ni vya plastiki ya akriliki, ambayo sisi mafundi huiita Perspex ijapokuwa hilo ni jina la kibiashara tu. Vibao hivyo ndivyo vinavyowalipia wanangu watatu karo.

Asilolijua mpita njia ni kwamba matundu yale hutobolewa mwisho, herufi zikiwa zimekwisha kubandikwa na kingo kupigwa msasa. Bamba likipasuka kwenye tundu la nne, kazi ya siku mbili imekwenda na maji. Bei ya bamba nayo hutoka mfukoni mwa fundi, kwani hakuna mteja anayelipia ufa.

Majuzi binti yangu aliye kidato cha tatu alikuja na mashtaka. Kikundi chao kilikuwa kikiunda sanduku la kuonyesha jinsi mizizi inavyokua, kwa ajili ya mashindano ya sayansi. Walikuwa wamekwisha kuvunja vipande viwili na kubakiwa na kimoja.

"Baba, plastiki hii ni mbovu, inapasuka tu," akasema.

Nikamjibu kwamba plastiki inasingiziwa. Mwenye makosa ni biti.

Biti ya kawaida hunolewa kwa ajili ya chuma na mbao. Makali yake yamepinda mbele kama ndoana, nayo yakigusa akriliki hujichimbia na kujivuta ndani kwa nguvu. Chuma huvumilia hayo. Akriliki haina subira hiyo, na hupasuka hasa biti inapotokea upande wa pili. Dawa yake, wasomaji, huwashangaza wengi: ifanye biti iwe butu kidogo. Sugua ukingo wa makali yote mawili kwa kinoo mpaka uone mstari mwembamba, bapa, unaometa. Hapo biti itakwangua badala ya kuchimba.

Tulilibana bamba juu ya ubao, bila kubandua karatasi yake ya kukinga. Nilichagua drili ya kuzungusha kwa mkono, maana ile ya umeme ikienda kasi huleta joto, na akriliki huanza kulainika karibu na nyuzi 100 za Selsiasi. Tuliichomoa biti mara kwa mara, tukapangusa vinyuzi na kudondosha maji ya sabuni. (Spiriti na petroli zikae mbali. Huiachia plastiki hii nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui.)

Matundu yawe makubwa kidogo kuliko skurubu. Bamba la urefu wa mita moja huongezeka kiasi cha milimita 2 joto likipanda nyuzi 30, na likikosa nafasi litapasuka lenyewe ukutani, mwezi mmoja baada ya fundi kulipwa.

Tulipofika tundu la nne binti yangu aliipokonya drili. Nilitaka kumwambia apunguze nguvu alipokaribia kutokea chini, lakini alikwisha kupunguza. Kinyuzi kirefu cheupe kikapanda kikijikunja kando ya biti, bila kukatika.