Katika Mji wa Kalemie: Umaskini Hutoka Wapi?

Msafiri avukaye Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma huona mbele yake, upande wa machweo, vilima, mabati yenye kutu, na bandari iliyokabiliana na mawimbi. Huo ndio Kalemie, mji ulioitwa Albertville zamani za Wabelgiji. Tangu mwaka 2015 ni makao makuu ya jimbo la Tanganyika katika nchi yetu ya Kongo.

Mgeni hustaajabu. Ziwa lina ndagala na mikebuka. Mto Lukuga, njia ya pekee ambayo maji ya ziwa hutokea, wapita hapo hapo mjini ukishuka kuelekea Lualaba. Reli ipo, na ardhi ya pembezoni huzaa mihogo na mahindi. Lakini si wachache wanaokula bukari mara moja tu kwa siku. Kwa nini?

Wako wanaojibu upesi: «Ni uvivu.» Basi, mwenye kusema hivyo na aende ufukoni kabla ya jua kuchomoza. Atawaona wavuvi wakirudi wamechoka, macho mekundu, kwa maana wamekesha juu ya maji na taa zao usiku usio na mwezi. Atawaona kina mama wakiwangojea na beseni zao tangu alfajiri. Uvivu u wapi hapo?

MJI WA NJIA

Ili tuuelewe umaskini wa mji, yatupasa kwanza kujua mji huo ulikuwa ukila nini. Kalemie ulianza mwaka 1891 kama ngome, siku za vita dhidi ya wafanya biashara ya watumwa. Mwaka 1915 reli kutoka Kabalo ilifika ziwani. Baadaye mzigo uliweza kutoka pwani ya Dar es Salaam kwa gari la moshi hata Kigoma, ukavuka ziwa kwa meli, ukapanda tena gari la moshi kuingia Kongo. Baada ya Vita Kuu ya Pili kiwanda cha nguo cha Filtisaf kilikuwa kikiwapa watu wengi kazi na mshahara wa mwezi.

Mji wa namna hii huishi kwa njia, kama mti uishivyo kwa mizizi. Mwaka 1973 serikali ya Mobutu ilitwaa mali za wageni na kuzigawia watu wengi wasiojua kuziendesha; biashara nyingi zilikufa nchini kote. Vita vya mwaka 1996 na 1998 vilizidi kuharibu. Kiwanda kikanyamaza. Gari la moshi siku hizi hupita mara chache na polepole. Mkulima wa bara huvuna, lakini mahindi yake hukawia njiani, na mjini bei hupanda. Hivyo watu wawili huumia kwa ugonjwa mmoja: alimaye hakosi chakula ila akosa fedha, na aishiye mjini hakioni chakula.

MVUA YA SIKU MOJA

Sasa tutazame umaskini ndani ya nyumba. Tufanye hesabu, kama darasani. Tuseme mama amekopa franka 50,000 anunue ndagala mbichi, naye apaswa kurudisha 60,000 baada ya juma. Huzianika juu ya mchanga. Jua likiwaka, auza kwa 70,000, abaki na 10,000. Lakini mvua ikinyesha, nusu yaoza. Auza zilizobaki kwa 35,000, na deni la 25,000 lamngoja. Ili alilipe, hukopa tena. Au mtoto hukosa daftari. Au mgonjwa hukaa nyumbani bila dawa.

Hapo twauona umaskini ulivyo. Tajiri mvua humlowesha. Maskini mvua moja humwangusha. Na mvua si moja. Anywaye maji ya ziwa au ya Lukuga bila kuyachemsha hukaribisha kipindupindu, na makala ya kuchemshia yataka fedha. Mwaka 2024 ziwa lilipanda likaingia katika nyumba za watu wa kando. Tena, kutoka mwaka 2016 mapigano kati ya Watwa na Waluba yaliwafukuza maelfu ya watu vijijini. Wengi wakaja kujenga vibanda vya nyasi karibu na mji, mbali na mashamba yao.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tuokoe kilicho mkononi. Upande wa Burundi, kwenye ziwa hili hili, kina mama walifundishwa kuanika ndagala juu ya vitanda vya miti na wavu, vilivyoinuliwa kutoka chini. Upepo hupita juu na chini, samaki hukauka upesi bila mchanga, na mvua ikija hufunikwa. Ni kazi ya fundi wa kawaida, na mavuno yasiyooza ni sawa na mavuno mapya.

Pili, tuitengeneze likilimba. Twaijua: kila mmoja hutoa fungu lake, na mmoja hupokea kwa zamu. Ni desturi njema, lakini msiba haungoji zamu. Kwa hiyo vikundi vingine huweka sanduku lenye kufuli tatu, funguo zikiwa kwa watu watatu, na hesabu husomwa mbele ya wote. Aliyepatwa na ugonjwa hukopa humo kwa faida ndogo, wala haendi kwa mkopeshaji wa sokoni.

Tatu, reli, barabara na maji safi ni deni la serikali. Sanduku la kina mama haliwezi kutengeneza daraja. Tuwadai wakubwa kwa adabu, lakini tusichoke.

Limebaki jambo moja, nalo ni gumu kuliko mengine. Mkimbizi wa vibandani haingii katika likilimba yo yote, kwa sababu hakuna amjuaye wala wa kumdhamini. Anayo mikono ya kulima na kuanika, ila hana jina mjini. Ninyi mlio na kikundi, juma hili mtakapoketi kuhesabu, ulizaneni: ni nani kati yetu atakayesimama awe mdhamini wa mmoja wao?