Kabla ya Kununua Kiwanja, Subiri Masika

Ndugu msomaji, siku ya kustaafu hujulikana tangu mtu anapoajiriwa, lakini wengi huwakuta bado hawajajua wataishi wapi. Ndivyo ilivyomkuta baba yangu mzazi alipotimiza umri wa miaka 60. Alikuwa ameishi Mbeya kwa miaka mingi kwa ajili ya kazi ya reli, katika nyumba ya kupanga. Kule Tabora alikozaliwa, wazee wake walikuwa wamekwisha kufariki na ndugu wametawanyika. Alikuwa na kiinua mgongo cha kutosha kujenga nyumba moja tu. Kama angekosea, hakungekuwa na fedha za kujenga ya pili.

Tukakubaliana kwamba tusiende mbali. Kutoka Mbeya hadi Ziwa Nyasa ni safari ya nusu siku tu, lakini ndani ya nusu siku hiyo msafiri hupita nchi tatu zenye hali ya hewa tatu. Chakula ni kingi huko kote, na familia yenye shamba dogo hununua vitu vichache sana sokoni. Basi mimi, baba na mama tulipanda basi mwezi wa Septemba, tukaenda kujionea.

Ukifika Uyole, barabara ya kwenda Malawi huiacha barabara kuu ya Dar es Salaam na kupanda kusini. Uyole penyewe si pabaya kwa mstaafu. Pako katika uwanda wa juu, hewa yake ni baridi na kavu, viazi na mahindi hustawi, na Hospitali ya Rufaa ya Mbeya haiko mbali. Ila mji umekwisha kupafikia. Viwanja ni vidogo, na bei yake hupanda kila mwaka. Baba alitazama nyumba zilivyobanana, akasema hakutoka katika nyumba ya kupanga ili aje kusikiliza redio ya jirani.

Mbele ya hapo ni Isongole, kijiji kilichoko chini ya mlima Ngozi, wenye ziwa ndani ya kreta yake. Milima ya huku ni ya volkano, na hii ndiyo siri ya rutuba ya nchi nzima. Hata Daraja la Mungu, lililopita juu ya mto Kiwira, halikujengwa na fundi yeyote. Ni mwamba uliotokana na lava. Upande wa mashariki husimama mlima Rungwe, wenye urefu wa karibu mita 2,960, ambao hukusanya mawingu na kuyamimina upande wa Tukuyu.

Tukuyu uko karibu kilomita 70 kutoka Mbeya, katika mwinuko unaozidi mita 1,500. Mvua yake huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya ile ya Mbeya. Migomba imefunika vilima, chai imetandazwa mabondeni, na maziwa hupatikana kila asubuhi. Msafiri Mskoti Joseph Thomson alipita katika nchi hii ya Wanyakyusa mwaka 1879 akaisifu sana kwa uzuri wake. Lakini sifa za mpita njia si sawa na hesabu ya mkazi. Mvua hiyo hiyo inayonenepesha ndizi huotesha kutu kwenye mabati, hulowesha kuta na kuchelewesha nguo kukauka. Mwezi wa Juni na Julai baridi yake huingia mifupani. Mtu mwenye pumu au maumivu ya viungo na afikiri mara mbili.

Ukiteremka tena, ndani ya muda mfupi unavua sweta. Kyela iko karibu mita 500 tu kutoka usawa wa bahari. Ni nchi ya mpunga, kakao na joto. Matema, iliyoko ufukweni chini ya milima ya Livingstone, ndiyo iliyomteka baba. Mchanga ni mweupe, maji ni maangavu, na wanawake wa Kikisi huleta sokoni vyungu vyao vinavyosifika. Tulimkuta mtu aliyekuwa na kiwanja cha kuuza hatua chache kutoka majini, kwa bei ambayo Uyole isingenunua hata robo ya eneo lake. Baba alitaka kutoa arubuni siku ile ile.

Mama ndiye aliyekataa. Alisema, "Baba watoto, mandhari hayachoti maji. Turudi masika, tukione kiwanja kikiwa kimelowa."

Tulirudi mwezi wa Aprili. Mito inayoshuka kutoka milimani ilikuwa imejaa, na nusu ya kiwanja kile ilikuwa chini ya maji. Mbu walituandama tangu magharibi. Matema ina hospitali, tena watu wake ni wakarimu, na mtu aliyezoea joto huweza kuishi huko kwa raha, mradi ajenge palipoinuka na alale ndani ya chandarua. Lakini baba ana shinikizo la damu, na daktari wake yuko Mbeya. Hakusema neno njia nzima ya kurudi.

Tulikatiza safari Tukuyu. Huko palikuwa na shamba dogo nje ya mji, lenye migomba na chemchemi jirani. Wakati baba na muuzaji wakipima mipaka kwa hatua, mama alikwenda kuketi na bibi mmoja aliyekuwa akimenya ndizi nyumba ya pili. Alimwamkia "Ugonile", kama alivyojifunza kwa akina mama wa Mbeya. Baada ya mazungumzo marefu bibi yule akamwambia kwa sauti ya chini kwamba shamba lile ni la urithi, na kaka wawili wa muuzaji hawana habari ya mauzo. Kama si bibi yule, kiinua mgongo cha miaka yote ya reli kingeishia mahakamani.

Hapo nilikumbuka jambo nililolisoma katika kitabu cha Monica Wilson, aliyefanya utafiti kwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930 na kukichapisha kitabu chake mwaka 1951. Alieleza kwamba zamani vijana wa rika moja walitoka kwa baba zao na kujenga kijiji chao wenyewe, kwa sababu waliuthamini mno ukwangala, yaani raha ya kukaa na kuongea na wenzao. Kwa maneno mengine, walichagua kwanza majirani. Vijiji vya marika vimekwisha kutoweka, lakini hekima yake haijapitwa na wakati, hasa kwa mzee anayehamia ugenini.

Wazazi wangu walinunua mahali pengine, si mbali na nyumba ya bibi yule, palipoinuka na penye njia ya gari. Hospitali ya wilaya iko karibu, na basi la Mbeya hupita kutwa. Safari hii tulianzia ofisi ya kijiji. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji, na mgawo hupata idhini ya mkutano mkuu. Sheria hiyo pia inampa mwanamke haki sawa na mwanamume katika ardhi. Jina la mama limeandikwa pamoja na la baba.

Ndugu msomaji, nawe ukiwa na nia kama hiyo, nenda mara mbili: kiangazi ukaone uzuri, na masika ukaone ubaya. Pima mwendo wa kufika hospitali kwa miguu ya mzee, si kwa gurudumu la gari lako. Uliza maji yanatoka wapi mwezi wa Oktoba. Waulize ndugu wa muuzaji, na mkewe au mumewe, kama wameridhia. Kisha keti na majirani hata chai ipoe.

Baba bado hulalamikia baridi. Mara moja moja hupanda basi la Kyela akaenda Matema, akaketi mchangani kutwa nzima, akarudi jioni na samaki. Mama humpokea samaki wale, akapeleka mmoja kwa bibi wa nyumba ya jirani.