Uozo Usio na Mwenyewe

Picha za kituo cha zamani cha zimamoto cha London Road, Manchester, zilizopigwa baada ya kufungwa mwaka 1986, karibu zote zinausifu uozo: rangi inayobanduka ukutani, vumbi, mwanga unaopenya madirisha machafu. Ukizitazama mfululizo utaamini kwamba jengo lilizeeka, likachoka, likajifia lenyewe. Mimi sikubali. Lilipofunguliwa mwaka 1906, matofali yake mekundu yalikusanya chini ya paa moja zimamoto, polisi, magari ya wagonjwa, benki, mahakama ya kuchunguza vifo, hata ofisi ya kupima mita za gesi. Wazimamoto waliishi humo humo na wake na watoto wao, katika nyumba ambazo roshani zake ndefu zinatazama ua wa ndani, na farasi wa kuvuta magari nao walikuwa na banda lao. Kazini hapakuwa mahali pa kwenda. Ndipo palipokuwa nyumbani. Miaka michache tu baada ya kufunguliwa, farasi waliondoka, magari ya injini yakaingia, na kituo kikaendelea na kazi. Jengo lililomeza badiliko kubwa namna hiyo halikuwa gumu kupewa kazi nyingine.

Kuna atakayesema zimamoto ilikuwa lazima ihame, kwa kuwa mji na vifaa vilibadilika. Na iwe hivyo. Hiyo inaeleza kuondoka kwa wazimamoto, haielezi utupu uliofuata. Mahakama ile ya kuchunguza vifo ilibaki humo hadi mwaka 1998, miaka 12 baada ya kengele kunyamaza, kwa hiyo kuta zilikuwa bado zinafaa kwa shughuli za watu. Kilichokosekana ni uamuzi. Mipango ya kuligeuza ilitangazwa ikaishia njiani, mwaka 2001 jengo likaingizwa katika orodha ya majengo ya urithi yaliyo hatarini, na mwaka 2010 halmashauri ya jiji ikaanza hatua za kulitwaa kwa nguvu ya sheria, isifanikiwe. Mwenye mali aliliuza mwaka 2015. Hayo yote ni mambo ya hati na saini, na kamera haiwezi kuyanasa.

Wapo pia wanaosema picha hizo ndizo zilizolifanya jengo lisisahaulike. Zina mchango wake, sibishi. Lakini picha isiyo na mwaka wala jina la mwenye jengo humfanya mtazamaji auhurumie ukuta badala ya kumuuliza mtu maswali. Maelezo mafupi chini ya picha, yanayotaja nani alikuwa na funguo siku ile, yangeitoa picha ile ile kwenye huzuni na kuifanya ushahidi.