Ncha ya Kalamu

Rafiki yangu wa tangu chuo cha ualimu ni malenga, na mtoto wa jicho amemtia ukungu machoni. Siku moja alinipigia simu katikati ya kuhariri diwani yake: "Mwalimu, kale kamshale ka kompyuta kamenipotea tena. Nakatafuta hata shairi linanitoka." Nikamwahidi kumchorea kielekezi atakachokiona: kalamu nene nyeusi yenye ukingo wa njano.

Kielekezi cha kawaida katika Windows hukaa ndani ya mraba wa vitone 32 kwa 32, na mshale tuliouzoea haujazi hata nusu ya mraba huo. Nilikusudia kuujaza wote. Kila mstari una vitone 32, sawa na mishororo miwili ya mizani 16, basi nikaona niko nyumbani. Nilichora kitone baada ya kitone, nikaihifadhi kalamu yangu kama picha ya bitimapu.

Kisha nikafanya ujinga wa kizee: nikabadili mwisho wa jina la faili kutoka .bmp kuwa .cur, nikidhani jina hubadili kitu. Kompyuta ilikataa. Faili la bitimapu hufunguka kwa herufi B na M, mwanzo wa utangulizi wa baiti 14. Faili la kielekezi halina utangulizi huo. Baiti zake za mwanzo hutaja namba 2, ilhali faili la ikoni, ndugu yake wa karibu, hutaja 1. Ndani yake, rangi za picha hufuatana na picha ya pili, isiyo na rangi, inayoeleza ni kitone kipi kifunike maandishi na kipi kiyaache yaonekane. Bila hiyo, kalamu ingetembea ndani ya kisanduku.

Nilipata programu ya kugeuza, kalamu ikatokea, nikampelekea. Kesho yake alinipigia tena. "Mwalimu, kalamu yako ni nzuri, lakini inasema uongo. Naiweka juu ya kibwagizo, unaofutika ni mshororo wa juu yake." Kabla hajatambua, alikwisha kuhifadhi na kufunga. Mshororo mmoja ulikuwa umekwenda, na hakuwa ameuandika kwingine.

Kosa lilikuwa langu. Kila kielekezi hubeba namba mbili zinazotaja kitone kimoja kati ya vyote 1,024, nacho ndicho kinachogusa. Vingine ni pambo. Kiingereza hukiita kwa jina lenye maana ya mahali pa moto. Sisi tunalo neno zuri zaidi, ncha. Programu ilikuwa imeiweka ncha kwenye 0 na 0, pembe ya juu kushoto, iliko ncha ya mshale wa kawaida. Kalamu yangu ilichongoka chini kushoto. Jicho la rafiki yangu lilifuata mchoro, kompyuta ikafuata namba. Nikaandika 0 na 31, kwa kuwa hesabu huanza na sifuri kutoka juu, na kalamu ikaacha uongo.

Tangu hapo nalitazama upya neno kielekezi. Limetoka katika elekea, kupitia elekeza: kazi yake ni kukufikisha mbele ya kitu. Miaka mingi nilisahihisha tungo za wanafunzi kwa kuhesabu vina na mizani, vitone vyote vikiwa mahali pake, na mara chache mno niliuliza ubeti unagusa wapi. Wapo walioondoka darasani mwangu na alama nzuri kwa mashairi yasiyo na ncha.

Rafiki yangu ametunga mshororo mwingine. Mizani imetimia, vina vimekubali. Anasema haufikii ule uliofutika. Nimeusoma mara kadhaa, na sikupata la kumjibu.