Laini Ilipokatika

Bibi hatunaye tena, ila ninazo rekodi zake akisimulia kwa Kingoni. Nilikuwa nazisafisha kelele kwenye seva ya mbali. Laptopu yangu hapa Songea ilikuwa dirisha tu. Umeme ukakatika, ruta ikazima, kazi ya saa sita ikapotea. Kumbe Unix, tangu enzi za modemu za simu, laini ikikatika hutuma ishara ya SIGHUP, na programu hufa.

Rafiki akanicheka: "We ndugu, hujui tmux?"

Sasa naanzia kazi ndani ya tmux, nabonyeza Ctrl-b kisha d, naondoka. Jana giza tena. Umeme uliporudi nikaandika tmux attach. Ilikuwa imefika rekodi ya 18, bibi anaendelea.