Picha Ninazo, Majina Sina

Siku za Jumamosi mimi hutoka Makorora kwa baiskeli hadi karibu na Mapango ya Amboni, nikapiga picha za mimea kwa simu. Utotoni, shambani kwetu Muheza, nilipalilia mihogo pamoja na mama. Yeye alijua jina la kila jani, na lipi ni dawa. Mimi niling'oa tu, nikiwaza mpira.

Mwaka 1892 mtawala Mjerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alikuta huku Tanga ua dogo la zambarau. Mwaka 1893 likaitwa Saintpaulia, ingawa lilikuwapo tangu zamani za bibi zetu. Leo hupandwa madirishani Ulaya.

Mama amefariki. Picha ninazo, majina sina. Ewe mwenye mzazi, mwulize leo mkiwa palizini.