Balangdalalu, Kwenye Plastiki ya Kuundia Mabasi

Anayeunda mabasi madogo ya mfano hafiki mbali kabla ya kuuliza plastiki ya bamba ataipata wapi. Ulaya na Marekani mabamba meupe ya polistirini huuzwa katika maduka ya wapenzi wa modeli, mengine yenye unene wa robo milimita tu. Unachora mstari kwa kisu, unavunja kwa mkono, kisha unaunganisha kwa kimiminika kinachoyeyusha kingo mpaka vipande viwili vinakuwa kimoja. Mimi jibu langu nililipata Balangdalalu, wilayani Hanang.

Unafuata lami ya Babati kwenda Singida hadi Katesh, makao makuu ya wilaya. Hapo Mlima Hanang umesimama peke yake, mita 3,420 kutoka usawa wa bahari, volkano iliyolala yenye msitu ubavuni. Kila asubuhi niliyokuwa huko niliutazama kabla ya kunawa uso. Kutoka Katesh hadi Balangdalalu nilikuta vumbi, migunga na ng'ombe, ng'ombe wengi kweli. Hii ni nchi ya maziwa ya chumvi, Balangida na Balangida Lelu, ambayo kiangazi hunywea na kuacha ukoko mweupe unaong'aa mpaka macho yauma. Wabarabaig wamechunga hapa tangu enzi za mababu. Siku hizi wamechanganyika na Wairaqw na Wanyaturu, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni.

Watu hawa hawatupi kitu. Wafua vyuma wa Kidatoga, kabila mama la Wabarabaig, huyeyusha kufuli mbovu na koki za shaba nyeupe wakatoa bangili ambazo sonara wa mjini angezionea fahari. Jicho hilohilo limehamia kwenye plastiki. Dumu la njano la mafuta ya kula, la lita 20, likishatoboka haliwi taka. Wavulana wanalipasua kwa kisu, wanalinyoosha juani chini ya jiwe, na kesho yake linakuwa bodi ya lori la Fuso: kebini, tela, hata bampa. Magurudumu ni ndala kuukuu. Niliona Fuso moja lenye springi za waya zilizofanya kazi kweli. Lilipopita kwenye shimo bodi iliyumba kama Fuso lenye shehena ya mahindi.

"Kwa nini hamtumii gundi?" nilimuuliza aliyeliunda.

"Haishiki, anko. Dumu linakataa gundi. Tunatoboa kwa msumari wa moto, tunashona kwa waya."

Mtoto yule alisema kweli tupu. Madumu hayo ni ya polithini nzito, ile yenye namba 2 ndani ya pembetatu chini ya chombo, na gundi za kawaida huteleza juu yake, rangi pia. Kushona ndiyo njia. Akina mama wa Kimasai nao hutumia vipande vya plastiki kutenganisha safu za shanga kwenye kola zao pana, kazi iliyokuwa ya ngozi zamani.

Kwa anayetaka gundi, dawa ni bomba la PVC, namba 3. Vipande vinavyobaki baada ya fundi bomba kumaliza kazi vimezagaa nyuma ya kila nyumba mpya. Chukua bomba la milimita 110, kata kipande, lipasue kwa urefu, litumbukize kwenye sufuria ya maji yanayochemka. PVC huanza kulainika kwenye nyuzi 80 hivi, kwa hiyo maji yanatosha. Moto wa wazi usiutumie kamwe, moshi wake ni sumu. Likilegea, lifunue haraka, libane kati ya mbao mbili, weka mawe juu mpaka lipoe. Unapata bamba la upana wa sentimita 34 hivi. Basi la mita 12 likipunguzwa mara 50 lina sentimita 24, kwa hiyo sakafu nzima inatoka bila kiungo, na gundi ya mafundi bomba inalishika barabara. Msasa kidogo, rangi inakaa.

Bamba la dukani ni jembamba zaidi na jepesi kukata, hilo silikatai. Fremu za madirisha bado nazitamani kwa polistirini. Lakini kwa chasisi na mwili wa gari, sijaona mahali pa kujifunzia panapozidi vumbi la Balangdalalu, penye mafundi wa miaka kumi wanaojua plastiki ipi inashonwa na ipi inagundishwa.

Nenda kiangazi, barabara zikiwa kavu. Beba kisu, msasa na waya wa kutosha kugawana. Waamkie wazee kwanza. Na ukipenda Fuso la mtoto, mlipe kama unavyomlipa fundi yeyote, usimpunje kwa kuwa ni mdogo.